Arosto au malaria? Fahamu fomu inayompima mraibu wa heroini na inapoweza kukosea

Mtu anatoka jasho, mifupa inauma, anatapika, hatulii. Ukiwa Ifakara au popote bonde la Kilombero, kitu cha kwanza kushukiwa ni malaria. Ila kwa anayetumia heroini, dalili hizohizo zinaweza kuwa arosto, yaani mateso ya mwili uliokosa unga.

Fomu ya COWS

Ni fomu ya dalili 11 inayotumika katika tiba ya uraibu nchi nyingi. Mhudumu anamwangalia mgonjwa, anamuuliza, kisha anatoa alama kuanzia 0 hadi 48. Alama 5 hadi 12 ni arosto nyepesi, 13 hadi 24 ya wastani, 25 hadi 36 inaelekea kuwa kali, na zaidi ya 36 ni kali sana.

Inakosea wapi?

Jasho, moyo kwenda mbio, maumivu ya viungo na kutapika vyote vinahesabiwa, na malaria inavileta pia. Mgonjwa wa malaria anaweza kupata alama za arosto ambazo si zake.

Zinazosaidia kutofautisha ni mboni za macho kutanuka, miayo mfululizo, makamasi na machozi, na vinyweleo kusimama. Homa haimo kabisa kwenye fomu. Ndiyo maana kipimo cha malaria ni muhimu, maana mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

Kwa nini ni hatari?

Tanzania Bara ilianza kutoa methadoni Muhimbili mwaka 2011. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri dozi ya kwanza kwa kawaida isizidi miligramu 20, na isivuke 30. Arosto ikikadiriwa kupita kiasi, mtu anaweza kupewa dozi ambayo mwili wake hauiwezi. Methadoni ikizidi inazuia pumzi, na inajikusanya mwilini siku hadi siku.

Kipimo cha kuaminika kikoje?

• Wahudumu wawili wakimpima mtu mmoja kwa wakati mmoja, alama zikaribiane.

• Maswali yawe kwa Kiswahili cha mtaani. Ukiuliza “afyuni” mtu atasema hapana, ukiuliza “unga” atasema ndiyo.

• Kuwe na siri. Anayeogopa polisi hasemi ukweli.

Vipi kipimo cha mkojo?

Nacho kina mipaka. Kile cha kutafuta mofini kinaonyesha heroini ya siku chache tu zilizopita, na hakioni tramadoli. Kwa hiyo majibu “hakuna kitu” hayamaanishi mtu hatumii chochote.

Ukimpeleka ndugu yako

Mweleze mhudumu anatumia nini, kiasi gani na mara ya mwisho ilikuwa lini. Kama ana homa, omba apimwe malaria. Kwa ushauri kuhusu tiba ya uraibu, piga 119 bure, namba ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya.