WAKFU WA WAZEE WETU: ULIVYOFUTWA NA ULIVYORUDI



Ndugu yangu msomaji, kaka na dada, mwezi huu tunahesabu zaka na kupanga nguo za Idi. Hebu jiulize na hili: nikiondoka leo, nimeacha nini kwa maandishi? Wengi twajibu haraka, "Mirathi si imo kwenye Qur'ani?" Kweli, mafungu yametajwa katika Suratun-Nisaa. Lakini madeni, amana za watu, wasia usiozidi thuluthi kwa wasiokuwa warithi, na wakfu, hayo ni wewe mwenyewe uyaweke wazi ungali hai.

Wakfu si jambo geni. Sayyidna Umar (r.a.) alipopata ardhi Khaybar alimwendea Mtume (s.a.w.) kutaka shauri, akaelekezwa aizuie ardhi yenyewe na mazao yake yawe sadaka. Tangu hapo ikawa haiuzwi, haipeanwi wala hairithiwi. Baadaye Waislamu wengi waliweka wakfu wa familia: nyumba au shamba lazuiwa, watoto na wajukuu wakae ndani au wale kodi yake, na kizazi kikikatika faida iende kwa maskini. Wazee wa pwani yetu nao waliutumia.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Mwaka 1894 kesi ya wakfu wa familia kutoka Bengal, India, ilifika London mbele ya Privy Council, mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni ya Uingereza. Majaji wakasema fungu la maskini liko mbali mno, ni la jina tu, kwa hivyo wakfu ni batili. Yaani kwao kumlisha mtoto wako hakukuwa sadaka, ilhali katika dini yetu kumtunza jamaa ni sadaka yenye thawabu! Waislamu wa India hawakunyamaza. Muhammad Ali Jinnah aliupeleka mswada barazani, na mwaka 1913 sheria ikapita kuurudishia wakfu huo uhalali wake.

Lakini sheria ile ilikuwa ya India, si ya huku. Kesi ya Kenya nayo ikafika London, na hukumu iliyochapishwa katika ripoti za sheria za mwaka 1952 ikafuata ile ya 1894. Fikiria maana yake: mzee yuko kaburini, aliandika nyumba isiuzwe, mahakama yasema maandishi yake si kitu. Mali yarudi kwenye mirathi, yagawanywa, na mwenye fungu lake akitaka kuuza auza.

Dawa ilipatikana kwa sheria. Sheria ya Makamishna wa Wakfu ya Kenya, ya mwaka 1951, ilitamka kwamba wakfu wa familia ni sahihi, mradi mwisho wake uwe kwa maskini au kheri nyingine ya kudumu. Sheria hiyo ilidumu hadi ilipokuja Sheria ya Wakfu ya 2022.

Mirathi nayo ilipita njia hiyo hiyo. Sheria ya Urithi ya 1972, iliyoanza kutumika mwaka 1981, ilituweka sote katika chungu kimoja. Waislamu wakalalamika miaka mingi, hadi marekebisho ya 1990 yalipokubali mali ya Muislamu aliyefariki igawanywe kwa sheria ya Kiislamu. Katiba ya 2010 nayo ikaziweka Mahakama za Kadhi katika kifungu cha 170.

Kwa hivyo, ndugu yangu, haki hii haikuanguka kutoka mbinguni, watu waliipigania. Sisi twaiacha ioze kabatini, taitodidi ingali kwa jina la babu, na ndugu hawasalimiani. Ramadhani hii keti na wazazi wako kwa adabu. Andikeni madeni, mali na amana. Wasia utiwe sahihi mbele ya mashahidi wawili waadilifu. Anayetaka kuweka wakfu amuone kadhi na Tume ya Wakfu, asajili angali na afya yake. Kusema barazani tu hakutoshi.

Allah atujaalie tuache watoto wanaopendana. Amin. Wabillahi tawfiq.