Majina ya Kiswahili katika Muziki wa Majaribio: Kundi la Mwandishi, 1970-1973

Historia ya Kiswahili nje ya Afrika huandikwa mara nyingi kwa kufuata njia za biashara, za dini na za shule. Njia ya muziki hutajwa kwa nadra. Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 1970, huko Marekani, wanamuziki sita weusi walikubali kuitwa kwa majina ya Kiswahili, wakayachapisha kwenye majalada ya santuri zao na kupiga muziki ambao wauzaji wa santuri hawakujua wauweke kwenye rafu ya jazi au ya roki. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kundi hilo, lililojulikana kwa jina la Mwandishi, lilivyorekodi, lilivyosafiri na lilivyopokelewa. Kisha yachunguze majina yenyewe, kwani ndiyo yanayoihusu zaidi taaluma ya Kiswahili.

1. Chanzo cha majina

Mwaka 1965, baada ya machafuko ya mtaa wa Watts mjini Los Angeles, Maulana Karenga na wenzake waliunda chama kilichoitwa US. Chama hicho kilikichagua Kiswahili kuwa lugha ya mwamko wa kitamaduni. Wazee wengi wa Waamerika weusi walitokea Afrika ya Magharibi na eneo la Kongo na Angola, wala si pwani ya mashariki. Kiswahili hakikuchaguliwa basi kama lugha ya ukoo, bali kama lugha ya Kiafrika isiyofungwa na kabila moja. Sikukuu ya Kwanzaa, iliyoanzishwa mwaka 1966, na kanuni zake saba, kuanzia Umoja hadi Imani, ni matunda ya uchaguzi huo.

Mmoja wa wafuasi wa chama hicho alikuwa kijana mpiga ngoma, James Mtume. Mwishoni mwa mwaka 1969 alishiriki katika kurekodi santuri iliyoitwa Kawaida, jina la falsafa ya Karenga. Katika kazi hiyo mpiga piano Herbie Hancock aliitwa Mwandishi, mpiga besi Buster Williams aliitwa Mchezaji, na mpiga tarumbeta Don Cherry aliitwa Msafiri. Hancock, aliyekuwa ametoka katika kundi la Miles Davis mwaka 1968, alikuwa na kundi lake mwenyewe. Wanamuziki wapya walipojiunga nalo mwaka 1970, nao walipata majina: Billy Hart, mpiga ngoma, akawa Jabali, Eddie Henderson, mpiga tarumbeta, akawa Mganga, Bennie Maupin, mpiga klarineti na saksofoni, akawa Mwile, na Julian Priester, mpiga tromboni, akawa Pepo Mtoto.

2. Kazi ya studio

Mnamo Novemba 1970 kundi hilo lilipiga kwa wiki kadhaa katika mgahawa wa London House mjini Chicago, mahali palipozoea walaji waliotaka muziki mtulivu wa kusindikiza chakula. Huko ndiko wanamuziki walikozoeana hata wakaanza kutunga kwa pamoja papo hapo jukwaani. Tarehe 31 Desemba mwaka huohuo waliingia studio mjini San Francisco na kurekodi santuri ya Mwandishi, iliyotolewa mwaka 1971 na kampuni ya Warner Bros. Santuri nzima ina vipande vitatu tu. Cha kwanza, chenye mzunguko wa mapigo 15 unaorudiwarudiwa, kilitolewa kwa heshima ya Angela Davis, ambaye wakati huo alikuwa gerezani akingoja hukumu. Aliachiwa huru mwaka 1972. Katika kipande hicho alishiriki pia mpiga ngoma kijana Leon Chancler, ambaye ulimwengu wa muziki ulimjua kwa jina lake la Kiswahili, Ndugu.

Santuri ya pili, Crossings, ilirekodiwa mwezi Februari 1972. Mtayarishaji David Rubinson alimpeleka Hancock kwa Patrick Gleeson, mtu mweupe aliyewahi kufundisha fasihi ya Kiingereza katika chuo kikuu na aliyekuwa fundi wa sinthesaiza. Sauti alizoziongeza zilimpendeza Hancock hata akamwalika ajiunge na kundi. Sinthesaiza za wakati huo zilipaswa kuunganishwa kwa nyaya na kurekebishwa kwa mkono kila mara. Kuipandisha mashine ya namna hiyo jukwaani kila usiku kulikuwa jaribio lenyewe. Santuri ya tatu, Sextant, ilitolewa mwaka 1973 na kampuni ya Columbia, kwani Warner Bros. ilikuwa imekwisha achana na kundi hilo.

3. Safari na gharama

Ugumu wa kundi la Mwandishi haukuwa wa sanaa peke yake. Watu sita, kisha saba, pamoja na mafundi na mashine zao, walipaswa kusafirishwa na kulazwa kutoka mji hadi mji, Marekani na Ulaya, wakati vilabu vya jazi vilikuwa vidogo na malipo yake haba. Redio nazo zilitaka nyimbo fupi, ilhali kipande kimoja cha Crossings kinachukua upande mzima wa santuri. Hancock aliziba pengo hilo kwa haki za utunzi alizokuwa akipata kutokana na nyimbo zake za zamani. Kwa maneno mengine, Mwandishi alilipwa kwa alichokiandika jana ili aweze kupiga alichokitafuta leo. Hali hiyo haikuweza kudumu, na mwaka 1973 kundi lilivunjwa.

4. Mapokezi

Wapo waliousifu muziki huo kwa ujasiri wake, na wapo walioona kwamba umeme na mashine vilikuwa vimeiharibu jazi. Wapenzi wa roki, waliozoea vipande virefu na sauti za ajabu, waliweza kuukaribia kwa urahisi zaidi, lakini kampuni hazikuwa na njia ya kuwafikia. Baada ya kundi kuvunjika, Hancock alibaki na Maupin peke yake na kutoa Head Hunters mwaka huohuo wa 1973, santuri ya mdundo wa kucheza ambayo mauzo yake yalizidi nakala milioni moja. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba alikuwa amekaa mno katika anga za juu, akatamani kuugusa udongo.

Hukumu ya soko, hata hivyo, haikuwa ya mwisho. Mwaka 1994 kazi zote alizorekodi Hancock kwa Warner Bros. zilitolewa upya kwa pamoja, na mwaka 2012 mtafiti Bob Gluck alichapisha kitabu kizima juu ya kundi hilo. Kile kilichokuwa hasara mwaka 1973 kimekuwa somo la vyuo vikuu.

5. Majina mbele ya mwanaisimu

Msemaji wa Kiswahili wa Bukavu, Lubumbashi au Mombasa anayesoma majalada ya santuri hizo huelewa majina mengi papo hapo, lakini pia hushtuka kidogo. Kwa Kiswahili, anayebuni muziki ni mtunzi. Mwandishi ni mtu wa kalamu na karatasi. Mchezaji ni mtu wa mpira, wa karata au wa ngoma ya kucheza. Ala ya muziki haichezwi, bali hupigwa, na Williams angeitwa mpiga besi. Katika majina hayo mawili neno ni la Kiswahili, lakini fikra ni ya Kiingereza, lugha ambamo kitenzi kimoja hutumika kwa mchezo na kwa ala.

Jina la Mwile, lililofafanuliwa kuwa mwili wenye afya, linakaribiana na neno mwili bila kulingana nalo. Pepo Mtoto lilikusudiwa kumaanisha mtoto wa rohoni; lakini pepo, kwa msikilizaji wa Kiswahili, ni kile kinachompanda mtu hata akahitaji mganga, na utaratibu wa lugha ungedai “mtoto wa pepo”. Mganga lenyewe lilimfaa mwenyewe kikamilifu, kwa kuwa Henderson alikuwa kweli daktari aliyesomea magonjwa ya akili. Jabali, neno lenye asili ya Kiarabu, halina kasoro yoyote kwa mpiga ngoma.

Je, haya yahesabiwe kuwa makosa? Mwalimu wa sarufi angejibu ndiyo. Mwanahistoria wa lugha hawezi kuishia hapo. Watu hao hawakuwa wakijifunza Kiswahili ili wazungumze na Waswahili. Walikuwa wakitafuta jina ambalo halikutoka kwa bwana wa shamba. Tena Kiswahili chenyewe kilikua kwa kupokea maneno ya wageni na kuyapa maana mpya, na hakuna Mwarabu aliyeombwa ruhusa.

Hitimisho

Kundi la Mwandishi lilidumu miaka mitatu hivi. Majina yalidumu zaidi: mwaka 1974 Priester alitoa santuri yake akiwa bado na jina la Pepo Mtoto, naye Chancler aliitwa Ndugu hadi kufa kwake mwaka 2018. Kiswahili chao ni kidogo na kina kasoro, lakini kilibebwa kwa hiari na kwa gharama. Uchunguzi wa lugha unaowahesabu wasemaji tu utawaacha nje watu hao. Unaochunguza pia ni nani aliyeitamani lugha, na kwa nini, utawakuta mlangoni.