Kiarabu cha wakwe: lugha na ndoa katika nyumba za waungwana wa Maniema

Juu ya ndoa wazee na walimu wameandika mengi: mahari, mbuzi, vinywaji vya wajomba, siku ya kumtoa bibi arusi. Jambo moja halijaguswa sana, nalo ni lugha ya nyumbani mwa wakwe. Mtu akioa au akiolewa mbali na kwao, anaingia katika nyumba ambamo watu wanacheka na yeye hajui wanacheka nini. Huku kwetu Maniema habari hiyo ina historia ndefu, tena ina Kiarabu ndani yake, na sisi tumeijua kwanza kwa sababu ya ndoa yetu wenyewe. (Tukisema «mke wetu» msicheke, ni desturi ya mwandishi tu, mume ni mmoja.)

Sisi ni Mrega wa upande wa Pangi, tumelelewa katika shule ya misheni. Mke wetu ni wa Kasongo, wa ukoo wa waungwana. Basi tuanze na neno hilo. Pwani ya Zanzibar, mwungwana ni mtu huru, mwenye adabu, asiye mtumwa. Lilipofika kwetu pamoja na misafara, neno lilipanuka. Mtu aliyevaa kanzu, aliyesali, aliyesema Kiswahili, aliitwa mwungwana hata kama alizaliwa kando ya Lualaba na hata kama aliingia katika mambo hayo akiwa amefungwa kamba shingoni. Hapo ndipo lilitoka jina Kingwana, ambalo wakoloni waliliita Kiswahili chetu.

Nyangwe ilikuwa soko kubwa la wafanyabiashara hao kwa miaka ya 1860. Livingstone alifika pale mwaka 1871, na tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka ule aliona kwa macho yake namna watu wa sokoni, wengi wao wanawake, walivyopigwa risasi na kufa maji mtoni. Miaka michache baadaye Kasongo ikawa mji wa Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye wote wanamuita Tippu Tip. Mahali pa mji ule wa zamani leo panaitwa Tongoni. Mwenye kujua Kiswahili anaelewa: tongo ni makao yaliyoachwa.

Tunamtaja Tippu Tip si kwa kumsifu. Tunamtaja juu ya ndoa. Baba yake, Muhammed bin Juma, alioa Tabora binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe, jina lake Karunde, na kwa ndoa ile akapata nguvu katika nchi ya Wanyamwezi. Mtoto naye alijifunza somo. Alipofika Utetera alidai kwamba upande wa mama yake alikuwa na damu ya dada wa mzee Kasongo Rushie, aliyetekwa zamani, na kwa maneno hayo akapewa utawala. Ilikuwa kweli? Wanahistoria wengi wanatilia mashaka. Lakini tazameni akili ya mtu: alijua ya kuwa kwetu huwezi kukaa bila kuwa ndugu wa mtu, hata ukiwa na bunduki mia.

Na lugha je? Hapa wengi wanakosea. Wanafikiri «Waarabu» wa Kasongo walisema Kiarabu nyumbani. Tippu Tip mwenyewe alipoandika maisha yake, aliyaandika kwa Kiswahili, katika herufi za Kiarabu, na Mdachi Heinrich Brode ndiye aliyeyachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Kiarabu kilikuwa lugha ya sala, ya hukumu, ya heshima. Jikoni na kitandani kilikuwa Kiswahili. Mambo yalikuwa hivyo hata katika nyumba ya Sultani wa Zanzibar. Binti wa Sayyid Said, Salme, aliyezaliwa mwaka 1844, ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1886 kwamba mbele ya baba yao ilipasa kusema Kiarabu, lakini baba akigeuza mgongo zilisikika Kiswahili, Kiajemi, Kituruki, Kihabeshi na nyingine tena. Mama yake Salme alikuwa mwanamke wa Circassia, nchi ya mbali huko kaskazini, aliyenunuliwa akiwa mtoto. Yeye alijifunza Kiarabu kwa kuwa hakuwa na njia nyingine. Na Salme mwenyewe alitoroka mwaka 1866, akaolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, akaanza kujifunza Kijerumani akiwa mtu mzima. Mama na binti, jambo lile lile, ila mmoja alichagua na mwingine hakuchagua. Tofauti hiyo wasomaji waishike, maana tutairudia.

Vita vya mwaka 1893 vilimaliza utawala ule. Nyangwe ilitekwa mwezi wa 3, Kasongo mwezi wa 4. Baada ya hapo Kiarabu kikabaki kwa walimu wa vyuo, chini ya mti, na serikali ya Wabeleji haikukipenda. Shule za kupata msaada zilikuwa za misheni. Muislamu aliyetaka mtoto wake apate kazi ya karani alimpeleka kwa mapadri, na wengine walikataa, wakabaki nyuma. Ndivyo ilivyotokea kwamba katika ukoo mmoja wa Kasongo unapata mzee mwenye Kurani kichwani asiyejua kusoma barua ya territoire, na kijana mwenye Kifaransa cha kutosha asiyejua karatasi za babu yake zinasema nini.

Ukoo wa mke wetu ulikuwa hivyo kabisa. Tena ulikuwa na tawi la mbali. Ndugu mmoja wa babu alihamia Bujumbura wakati wa ukoloni kufanya biashara. Wakati Sultan Qaboos alipotwaa utawala Oman mwaka 1970, nchi ile ilihitaji watu, na Waomani wengi wa Zanzibar, wa Burundi, wa Rwanda na wa Kongo wakarudi kule, wengine wakiwa na Kiswahili na Kifaransa kuliko Kiarabu. Watoto wa yule ndugu walikuwamo. Mmoja wao akaoa Maskati mwanamke wa kule kule, asiyejua neno la Kiswahili. Mume amekufa, na mama huyo ndiye sasa mkubwa wa nyumba. Kila Idi anapiga simu Kasongo. Kwa miaka mingi mazungumzo yalikuwa haya: «Assalamu alaikum», «Wa alaikum salaam», halafu kilio kidogo, halafu simu inapewa kijana wa kutafsiri, halafu mtandao unakatika.

Mama mukwe wetu aliona haya. Siku moja alituambia mbele ya wote: «Wee mwalimu, ulisomaka vitabu vyote vya Wazungu, na hii moja inakushinda?» Tulikuwa na miaka 38. Tukaenda kwa mwalimu wa chuo, mzee wa jirani, tukakaa juu ya mkeka na watoto wa miaka saba, tukashika juzuu. Wiki ya kwanza wanafunzi wetu wa sekondari walipita njiani wakatuona. Kesho yake kulikuwa kelele kalasini: «Mwalimu anasoma alifu na batoto!» Tuliwaacha wacheke. Siku hiyo somo la Vita vya Kwanza vya Dunia walilisikiliza vizuri kuliko siku zote, sijui kwa nini.

Mwenye Kiswahili anaanza Kiarabu akiwa tajiri, na utajiri huo ndio unamdanganya. Anakuta kitabu, wakati, dakika, jirani, sita, saba, tisa, na anajiona amefika. Kumbe maneno yaliposafiri yalibadilika tabia. Harusi kwetu ni sherehe; kwa Mwarabu neno la karibu nalo, arus, ni bibi arusi mwenyewe. Marahaba kwetu ni jibu la mkubwa kwa shikamoo ya mdogo. Kwao ni salamu ya kumkaribisha yeyote. Tafadhali ndiyo ilitutia aibu. Kwetu ni neno la kuomba. Katika simu tulitaka kumuomba yule mama aseme polepole, tukamwambia tafadhali, tafadhali. Kwao ni neno la kumkaribisha mtu achukue kitu au apite mbele. Yeye akanyamaza akingoja tunampa nini.

Siku nyingine ilikuwa mbaya zaidi. Miaka miwili tulikuwa tumesoma Kiarabu cha vitabu. Akatuuliza: «Shi ulum?» Ulum tulilijua, ndilo wingi wa neno lililotupa elimu: ni sayansi, ni masomo. Tukafurahi kwamba mama huyu anapendezwa na kazi yetu, tukamjibu kwa ufasaha kwamba tunafundisha historia na jiografia katika kalasi ya tano na ya sita. Alicheka mpaka akamwachia mwanawe simu. Kijana akatueleza kwa Kiswahili kwamba kule Oman ulum ni habari tu. Alikuwa ametuuliza: habari gani? Mwalimu wetu wa chuo alipopata kisa hiki hakucheka. Alisema Kiarabu cha Kurani si cha mtu yeyote, ndiyo maana ni cha wote, na cha simu tukajifunze kwa wenye simu. Tukafanya vile. Tulinunua kaye, kila Idi na kila Ijumaa ya simu tukaandika maneno ya mama yule kama tulivyoyasikia. Leo tunaongea naye robo saa nzima. Hatuna ufasaha. Tuna mvua, bei ya mchele, magonjwa ya miguu, na nani amezaa.

Ni yeye aliyetuomba jambo lililotuleta kwenye historia. Alisema marehemu mumewe aliwaambia kwamba Kasongo kuna karatasi za mzee wa kwanza. Tuzitazame. Mama mukwe akatoa sanduku la bati. Ndani mlikuwa karatasi nne. Ya kwanza ilikuwa dua. Ya pili na ya tatu ni barua moja ya mwaka 1309 wa Hijra, yaani 1891 au 1892, karibu mwaka mmoja kabla ya Kasongo kutekwa.

Tulikaa nayo jioni tatu. Mistari ya juu ilikuwa Kiarabu, salamu na heshima. Halafu yalikuja maneno «wa baadu», na baada ya hapo Kiarabu kikaisha. Tulidhani tumesahau kusoma, maana neno halikufanana na neno lolote la kaye yetu. Ilikuwa Kiswahili! Herufi za Kiarabu hazina p wala ch, g ni shida, e na i zinaandikwa sawa, o na u vilevile, na waandishi wa zamani mara nyingi waliacha n mbele ya d, hata ndugu anaonekana dugu. Inabidi kusoma kwa sauti mpaka sikio litambue. Kazi hii wataalamu wanaifanya kwa barua nyingi za wakati ule zilizobaki katika makumbusho na maktaba za Ubelgiji; Xavier Luffin wa Brussels alichapisha kitabu juu yake mwaka 2020. Nyumba ngapi za Maniema zina sanduku kama lile, na mchwa wanasoma kabla yetu?

Mwandishi wa barua alikuwa anavuka kwenda Lomami, akamwachia ndugu yake mali. Aliitaja moja moja: pembe, majora ya merikani, bunduki mbili, mpunga wa ghalani. Katikati ya mali aliandika: «na suria wangu Mrega na mwanawe, huyo hauzwi, na mtoto asomeshwe». Neno Mrega tulilisoma mara kumi tukitumaini tumelikosea.

Tueleze kwa wasiojua. Suria ni mtumwa aliyechukuliwa na bwana kuwa mwanamke wake. Kwa sheria ya Kiislamu, akizaa na bwana hauzwi tena, na mtoto ni huru, anarithi kama watoto wa mke. Kwa hiyo wakwe zetu walikuwa waungwana kwa haki. Lakini katika ukoo ilisemwa siku zote kwamba bibi yule aliolewa kwa mahari kubwa, na mahari ile ilihesabiwa katika kila harusi mpaka ile yetu. Wajomba wetu wa Pangi waliambiwa habari ya mahari ile wakati wa kupatana bei yetu, tunakumbuka sana.

Basi mtu wa kwanza aliyejifunza lugha ya nyumba ile alikuwa mtu wa kwetu, bila juzuu na bila kaye, na hakuna aliyemuuliza. Jina lake halikuandikwa.

Tulikaa wiki mbili bila kusema. Mke wetu alishauri tuseme. Tukamsomea mama mukwe jioni, peke yake, neno kwa neno, na pale pa suria sauti ikatushuka. Akatazama karatasi, akatutazama sisi.

«Unafikiri hatukujuaka?» akasema. «Bibi yangu alinizuia kuimba wimbo fulani. Alisema ni wa kule anakotoka mama yake. Mahari ni wanaume walioiweka.» Akasogeza sahani ya wali kwetu. «Kula, inapoa.»

Ijumaa iliyofuata tulimpigia mama wa Maskati. Tulimweleza kwa Kiarabu chetu kibovu: barua, Lomami, mtoto, mama wa mtoto. Alinyamaza kidogo, akauliza bibi yule aliitwa nani. Tukamgeukia mama mukwe, tukamtafsiria swali. Alifikiri muda mrefu, simu ikila franga, halafu akatikisa kichwa na kusema tumwambie wimbo anaukumbuka nusu. Akauimba kwenye simu. Ni Kirega, cha kumbembeleza mtoto. Kule Maskati hawakuelewa neno hata moja. Sisi tulielewa lote.

Karatasi ya nne bado hatujaisoma. Wino umefifia upande mmoja, na mama mukwe anauliza kila Jumapili tumefika wapi.