Sheli Ndani ya Kompyuta Kuu

Historia ya kompyuta husimuliwa kana kwamba kila kipya huzika cha zamani. Mimi sikubali, na shahidi wangu ni programu ndogo ya IBM iitwayo BPXBATCH.

Kompyuta kuu za System/360, zilizotangazwa mwaka 1964, zilipokea kazi kwa mafungu. Ni kama mashine ya kusaga muhogo kwetu Manibe, jirani na Arua: unaacha beseni, unaenda zako, unarudi baadaye kuchukua unga. Maagizo yaliandikwa kwa lugha ya JCL, kwenye kadi za matundu. Unix, iliyoanza Bell Labs mwaka 1969, ilikuja kuwa na sheli (si ile ya petroli): unaandika amri, unajibiwa papo hapo.

Miaka ya 1990 IBM iliingiza Unix ndani ya mfumo wake wa MVS. Kazi za JCL zilizokwisha andikwa hazikutupwa. Kazi huita BPXBATCH, huipa neno SH na amri. Sheli hufunguka, humaliza, hurudisha namba ya matokeo. Ikishindwa kwa 1, JCL husoma 256, maana namba huzidishwa njiani.

Tena, JCL iliruhusu herufi 100 tu za maelezo kwa programu. Amri ndefu ya sheli ikagonga ukuta uliojengwa kabla Unix haijazaliwa. Baadaye IBM iliongeza STDPARM, faili la kuandikia amri ndefu. Ile 100 haikuguswa. Walipita pembeni yake.