SIDA: juu ya nini kipimo kimoja cha damu hakitoshi

Watu wengi wanafikiri virusi vya SIDA ni vya aina moja. Hapana. Kuna VIH-1 na VIH-2. Ile ya pili inapatikana zaidi Afrika ya Magharibi. Kwetu Congo shida ni VIH-1, kundi M, nalo limegawanyika tena: A, C, D, G na kuendelea. Karibu aina zote ziko hapa. Damu ya zamani kabisa inayojulikana kuwa na VIH-1 ilichukuliwa Kinshasa mwaka 1959, na aina L, iliyothibitishwa mwaka 2019, ilitambuliwa katika damu ya Wacongomani.

Sasa, kile kipimo cha haraka cha kituo cha afya, tone la damu ku kidole, kinazijua zote? Kwanza tuelewane: hakitafuti virusi vyenyewe. Kinatafuta askari ambao mwili umetengeneza ili kupigana navyo. Kwa hiyo hakiwezi kukuambia una A ama C. Kazi hiyo inaomba labo kubwa. Na mutu aliyeambukizwa wiki mbili zilizopita anaweza kuonekana muzima, kwani askari bado ni wachache. Arudi kisha miezi tatu.

Kipimo kinaweza pia kupitwa na aina ya virusi. Mwaka 1994 ilijulikana kama vipimo fulani vilikuwa vinakosa kundi O, lile la Cameroun. Viwanda vikalazimika kuvirekebisha.

Lakini kwetu Kivu kosa lililotugusa lilikuwa la upande mwingine: kumwambia muzima kama ni mugonjwa. Ku Bukavu, Médecins Sans Frontières walichunguza damu ya watu 2.864. Watu 229 walionekana na virusi ku vipimo viwili vya haraka. Walipohakikisha kwa kipimo cha nguvu zaidi, 24 kati yao hawakuwa navyo. Matokeo yalitoka mwaka 2009. Ni kusema karibu mutu mumoja juu ya kumi! Fikiria ndoa ngapi zinaweza kuvunjika hapo. Vipimo viwili vinavyofanana vinaweza kudanganywa na kitu kimoja katika damu.

Tangu 2019 Shirika la Afya Duniani, OMS, linaomba vipimo vitatu tofauti, vyote vikubali, mbele ya kumwambia mutu ana VIH. Na mbele ya kuanza dawa, apimwe tena. Ukipimwa mara moja tu na kuambiwa unayo, uliza muuguzi: cha pili na cha tatu viko wapi? Ni haki yako. Mwenye tayari kumeza dawa asiache kwa sababu ya habari hii. Aongee na munganga wake kwanza.