Mvua Nyingi, Mavuno Haba: Mpangilio wa Msimu na Zao la Mahindi Afrika Mashariki

Mhindi huhitaji takriban milimita 500 hadi 800 za maji tangu kupandwa hadi kukomaa, na maeneo mengi ya Afrika Mashariki yanayotegemea zao hili hupata kiasi hicho katika mwaka wa kawaida. Hata hivyo, misimu miwili yenye jumla ileile ya mvua katika shamba lilelile yaweza kuzaa mavuno tofauti kabisa. Jumla ya mvua, kipimo kinachotajwa mno kila msimu unapotathminiwa, haielezi tofauti hiyo. Kinachoamua ni hatua ambayo mmea umefikia pale mvua, jua au baridi vinapoukuta.

Kaskazini mwa Tanzania, pwani na sehemu kubwa ya Kenya hupata misimu miwili: vuli, kati ya Oktoba na Desemba, na masika, kati ya Machi na Mei. Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, kuanzia Iringa na Njombe hadi Mbeya, Rukwa na Ruvuma, zina msimu mmoja wa Novemba hadi Aprili, nazo ndizo ghala la nchi. Urefu wa msimu huamua aina ya mbegu. Mbegu chotara ya H614, iliyotoka Kitale kwa ajili ya maeneo ya mwinuko, huchukua miezi sita hivi au zaidi shambani na huzaa sana. Katumani, iliyoendelezwa Machakos, huzaa kidogo lakini hukomaa kwa miezi mitatu hadi minne. Nguvu ya Katumani haiko katika kustahimili ukame kwa muda mrefu. Huuwahi, ikamaliza kazi yake kabla mvua haijakatika.

Wakulima wa eneo hili wanajua kwamba anayechelewa kupanda huvuna pungufu, hata kama mvua itaendelea vizuri baadaye. Sababu zake ni zaidi ya maji. Mwaka 1958 H. F. Birch, aliyefanya utafiti Muguga nje ya Nairobi, alieleza kinachotokea udongo uliokaushwa na kiangazi unapolowa tena: vijidudu vya udongoni huamka kwa kasi, huozesha mabaki ya viumbe, na kuachia naitrojeni nyingi kwa muda mfupi. Mbegu iliyokwisha kuwa ardhini hupata sehemu ya akiba hiyo. Iliyopandwa majuma matatu baadaye hukuta sehemu kubwa imekwisha kusombwa na maji kwenda chini, mbali na mizizi michanga.

Katika miaka ya 1970, P. J. M. Cooper na R. Law waliongeza sababu nyingine kutokana na majaribio ya Kitale. Katika majuma ya mwanzo ncha ya ukuaji ya mhindi hubaki chini ya uso wa ardhi, hata majani kadhaa yakiwa yamechomoza, kwa hiyo kasi ya ukuaji hufuata joto la udongo kuliko joto la hewa. Mwanzoni mwa mvua udongo wa nyanda za juu bado una vuguvugu la kiangazi. Mvua zikishakolea na mawingu kutanda, hupoa. Mmea uliochelewa huanza maisha kwenye baridi, na pengo hilo haliji kuzibwa. Matokeo haya yanastahili kukumbukwa kuliko yanavyokumbukwa sasa, kwa kuwa yanaonyesha hasara inayoweza kutokea bila hata siku moja ya ukame.

Hatua iliyo nyeti kuliko zote ni kutoa maua. Mbelewele juu ya bua humwaga chavua kwa takriban juma moja. Kila uzi wa nywele zinazochomoza kwenye hindi umeungana na punje moja, na uzi usiopata chavua huacha nafasi tupu kwenye gunzi. Maji yakipungua, mbelewele hutoka karibu na wakati wake, lakini nywele huchelewa; zikichomoza, chavua imekwisha. Ndipo huvunwa magunzi yenye punje za kuhesabika kwenye mabua yaliyostawi. Joto nalo huzidisha madhara. Uchambuzi wa majaribio zaidi ya 20,000 barani Afrika, uliochapishwa mwaka 2011 na David Lobell na wenzake, ulionyesha kwamba kila digrii moja juu ya 30 za Selsiasi, kwa kila siku inapodumu, hupunguza mavuno kwa asilimia 1 penye mvua ya kutosha, na kwa asilimia 1.7 penye ukame.

Zambia ilipatwa na hali hiyo msimu wa 2023/24, mvua ilipokatika kuanzia katikati ya Januari, mihindi mingi ikikaribia au ikiwa katika kutoa maua. Februari 29, Rais Hakainde Hichilema alitangaza janga la kitaifa. Takriban hekta milioni 1 kati ya milioni 2.2 za mahindi zilikuwa zimeharibika. El Niño iliyochangia ukame huo ndiyo hiyohiyo iliyokuwa imeleta mvua kubwa na mafuriko Afrika Mashariki wakati wa vuli. Utabiri wa msimu unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hueleza pia tarehe zinazotarajiwa za mvua kuanza na kukoma, lakini kinachosambaa zaidi ni neno la juu au chini ya wastani. Kwa mkulima wa mahindi, tarehe ndizo zenye manufaa makubwa, kwani ndizo zinazomwezesha kuchagua kati ya mbegu ya miezi sita na ya miezi minne.

Mvua ikizidi, huharibu kwa njia nyingine: maji yakituama mizizi hukosa hewa, na mbolea ya kukuzia husombwa kabla haijatumika.

Kukomaa hakumalizi utegemezi wa zao kwa hali ya hewa. Punje iliyokomaa huwa bado na unyevu wa asilimia 30 au zaidi, na haifai kuhifadhiwa mpaka ushuke hadi asilimia 13 hivi. Ushukaji huo huhitaji jua na upepo, yaani kiangazi kifike kwa wakati wake. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, mahindi yalivunwa Februari wakati mvua zisizo za msimu zikinyesha, yakahifadhiwa mabichi majumbani, yakaota ukungu unaotoa sumukuvu. Hadi Julai mwaka huo watu 317 walikuwa wameugua na 125 kati yao kufariki. Mahindi yaliyowadhuru yalikuwa yamekwisha kukomaa na kuvunwa. Yalichokosa ni majuma machache ya ukavu.