Kila Kizazi na Kidonge Chake cha Usingizi

Mwaka 1869, mjini Berlin, Oscar Liebreich alitangaza kwamba amepata dawa ya kumlaza mtu. Ilikuwa klorali hidrati, kemikali ambayo Justus von Liebig aliitengeneza mwaka 1832. Liebreich alidhani ikifika mwilini inageuka klorofomu. Haikuwa hivyo, lakini wagonjwa walilala kweli, na hilo lilitosha kuieneza Ulaya. Baada ya muda wakaonekana wagonjwa wa aina mpya: watu wasioweza tena kulala bila klorali. Mmoja wao alikuwa mchoraji na mshairi wa Uingereza, Dante Gabriel Rossetti, aliyeitumia kwa kukosa usingizi mpaka afya yake ikadhoofika. Alifariki mwaka 1882.

Mimi ni mfamasia, na kazi yangu yote nimeifanya katika maduka ya dawa ya Dar es Salaam. Historia hii inanihusu, kwa sababu kila dawa ya usingizi iliyokuja baada ya klorali ilikuja na ahadi ileile: hii ni salama kuliko iliyotangulia.

Mwaka 1903 Wajerumani Emil Fischer na Joseph von Mering walitangaza barbitali, iliyouzwa kwa jina la Veronal. Mwaka 1912 ikafuata fenobabitoni, ambayo mpaka leo tunawapa wenye kifafa, na kwa kazi hiyo imewasaidia wengi. Kwa kulalia, kundi hili lilikuwa la hatari. Kipimo cha kulaza na kipimo cha kuua havikupishana sana, na pombe ilivisogeza karibu zaidi. Mwigizaji Marilyn Monroe alipofariki mwaka 1962, damu yake ilikutwa na dawa ya kundi hilo pamoja na klorali hidrati.

Miaka kabla ya kifo hicho, hofu ya hatari ya kundi hilo ilikwisha kuifungulia mlango thalidomaidi. Iliingia sokoni Ujerumani Magharibi mwaka 1957, ikiuzwa bila cheti cha daktari na kusifiwa kwamba haina madhara. Wajawazito waliimeza wapate usingizi na kupunguza kichefuchefu. Watoto wakazaliwa na mikono na miguu mifupi, wengine bila viungo hivyo kabisa. Novemba 1961, baada ya daktari Widukind Lenz wa Hamburg kupaza sauti, dawa ikaondolewa sokoni. Inakadiriwa watoto zaidi ya 10,000 waliathirika duniani. Marekani ilisalimika kwa kiasi kikubwa kwa sababu Frances Kelsey, aliyekuwa akipitia maombi ya dawa mpya huko, alikataa kuipitisha akidai ushahidi zaidi. Ningependa kila mwanafunzi wa famasia alijue jina la mama huyu.

Kisha likaja kundi la Leo Sternbach, mkemia wa kampuni ya Roche: Librium mwaka 1960, Valium mwaka 1963. Ni kweli haziui kirahisi kama zile za zamani. Lakini mwili huzizoea, kipimo hupanda, na mtu akiziacha ghafla usingizi hupotea kuliko mwanzo, wengine hata hupata degedege. Ndiyo maana aliyezitumia kwa muda mrefu huziacha polepole, chini ya uangalizi wa daktari.

Dukani kwetu, anayekosa Valium kwa kutokuwa na cheti huomba Piriton, dawa ya mzio, kwa sababu tu inaleta usingizi. Kwa mzee inaweza kuwa balaa: inachanganya akili, inamwangusha, na mwenye tezi dume inaweza kumzuia mkojo.

Mzee mmoja aliwahi kuniambia, "Binti yangu, nipatie vile vidonge vya kulalia."

Nikamuuliza, "Shikamoo mzee. Usiku unaamshwa na nini?"

"Marahaba. Haja ndogo, mwanangu. Nikirudi kitandani usingizi umeshakata."

Nilipoomba kuona dawa zake, nikakuta anameza dawa ya kupunguza maji mwilini baada ya chakula cha jioni. Tuliwasiliana na daktari wake, akaihamishia asubuhi. Mzee alirudi kunishukuru, na kidonge cha usingizi hakukiomba tena.

Sababu za kukosa usingizi ni za namna hiyo: zina majina na zinatafutika. Kuna deni na msiba, maumivu ya mgongo, chai ya rangi ya usiku, simu kitandani, zamu za ulinzi, sonona. Kuna mwenye kukoroma na kukatika pumzi, ambaye kidonge kinaweza kumzidishia hatari.

Arthur Spielman, mwanasaikolojia wa Marekani, alizipanga sababu hizi vizuri: kuna maumbile ya mtu, kuna tukio linaloanzisha tatizo, na kuna mazoea yanayoliendeleza hata tukio likishapita. Mfiwa hukosa usingizi kwa msiba, kisha huanza kulala mchana na kukaa kitandani macho, na miezi baadaye tatizo ni mazoea. Hapo ndipo tiba ya mwanasaikolojia mwenzake, Richard Bootzin, ya mwaka 1972 inapogusa: panda kitandani ukisinzia tu, usingizi usipokuja baada ya kama dakika 20, toka, amka saa ileile kila siku, usilale mchana. Mwaka 1987 Spielman na wenzake wakaongeza njia ya kupunguza saa za kukaa kitandani. Mwaka 2016 chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani wa Marekani kilipendekeza tiba ya aina hii itangulie vidonge kwa watu wazima wenye tatizo sugu.

Nusu karne imepita tangu Bootzin aandike, nasi bado tunakimbilia vidonge, kwa sababu kidonge kinauzwa na ushauri hauuzwi. Kidonge kina mahali pake, kwa siku chache na kwa cheti. Lakini nawaomba wafamasia wenzangu: kabla ya kufungua kabati, muulizeni mteja analala saa ngapi, anaamshwa na nini, na anameza dawa gani nyingine. Maswali hayo matatu hayana gharama, wala hayajawahi kumdhuru mtoto tumboni.